Albina na Ramani ya Majivu

Mtu asiyekubali kulala chini kwenye vumbi, Albina hamjengei nyumba. Hilo linajulikana Malangali nzima, na mjini Sumbawanga wenye mashati meupe linawakera kwelikweli. Unafika kiwanjani asubuhi na familia yako, unamkuta mama wa miaka hamsini na minne, gauni juu ya suruali, mabuti ya mvua miguuni, mkononi kopo lililotobolewa tundu chini. Ndani ya kopo kuna majivu yaliyokorogwa na maji. Anatembea huku kopo linachuruzika, na nyuma yake kuta zinatokea ardhini: sebule hii, chumba cha watoto hiki, jiko lile pale. Kisha anakugeukia.

"Haya baba, ingia ulale. Kitanda chako utakiweka wapi?"

Ukicheka, anakungoja umalize kucheka. Ukikataa, anamwaga majivu yaliyobaki, anachukua mwiko wake na kuondoka. Ukikubali, utalala, mkeo atajifanya anapika, watoto watakimbia kutoka chumba kimoja hadi kingine, na Albina atasimama pembeni akiwaangalia. Mkigongana, anafuta mstari kwa buti na kuchora mwingine. Yote hayo hufanyika kabla ya saa tatu, kwa sababu upepo wa Ufipa ukishaamka hauna adabu, unabeba hata sebule.

Hakuzaliwa na kopo mkononi. Alianza kwa kumbebea mume wake, Loth, maji na tofali, kama wake wengi wa mafundi. Loth alipoumia mgongo, Albina alishika mwiko naye Loth akakaa kwenye kigoda akimpigia kelele: "Inua kamba! Timazi hiyo, timazi!" Wenye nyumba walinung'unika kuona mwanamke yuko juu ya jukwaa. Wengine walimwondoa kazini, wakamleta fundi mwanamume, halafu wakarudi kumbembeleza ukuta ulipopasuka. Loth alipofariki, Albina alikuwa ameshakuwa fundi mkuu wa watu sita.

Nyumba ya kwanza aliyoisimamia peke yake ilikuwa ya mwalimu mmoja. Ramani ilisema chumba kiwe futi tisa kwa tisa, akajenga tisa kwa tisa, na pima maji ikakubali kila ukuta. Mwalimu alipoleta kitanda chake cha mninga, kikagoma mlangoni. Wakakikata miguu, wakakiingiza kwa matusi, na kilipokaa ndani mlango ukawa haufunguki zaidi ya nafasi ya kupita mbuzi. Mwalimu yule aliingia chumbani kwake kwa ubavu mpaka alipohamishwa kituo. Hakumlaumu Albina, maana ramani ndiyo iliyosema. Albina ndiye aliyejilaumu, na tangu hapo hakuamini tena karatasi ambayo haijalaliwa.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe iliyoleta maneno.

Nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Kasanga, kuna zahanati ya parokia. Sista Hellena, msimamizi wake, alikuwa amechoka kuona wajawazito kutoka mbali wakilala kwenye veranda wakingoja siku zao. Mwezi wa saba Ufipa baridi inauma mifupa, na wengine walikuwa wametoka ziwani kwenye joto, hawana hata sweta. Akamwita Albina ajenge nyumba ya kungojea.

Albina akaja na kopo. Hakutaka Sista alale. Sista hakuwa mjamzito. Aliwataka wale wanawake waliokuwa verandani. Wakajipanga wanane na matumbo yao, wakicheka, kila mmoja na mama yake au mama mkwe aliyemsindikiza kumpikia, kama ilivyo desturi. Mmoja wao, Agnesi wa Kasanga, binti wa maneno mengi, alikuwa wa kwanza kujinyoosha ndani ya mistari.

"Mama, hapa nikilala nasikia baridi inatokea huku mgongoni," alisema.

"Hiyo baridi itazuiwa na ukuta."

"Ukuta wenyewe utakuwa wa baridi. Kwetu nyumbani tunalala upande wa jikoni."

Albina akamwangalia, kisha akafuta jiko lote kwa buti. Jiko lilikuwa limewekwa mbali, uani, kama wanavyofanya watu wa mjini wasiotaka moshi. Akalileta, akaligandisha na chumba cha kulala, ukuta mmoja katikati, mafiga upande huu na vichwa vya vitanda upande ule, na moshi akautafutia bomba lake la tofali. Mama wakwe wakipika ugali jioni, ukuta unakunywa moto, na wanaolala nyuma yake wanaupata mpaka alfajiri.

Kisha wakafanya zoezi la kumpeleka mzazi. Kutoka chumbani hadi chumba cha kujifungulia kulikuwa na ujia na kona. Agnesi katikati, mama mkwe kulia, mwanamke mwingine kushoto, wakatembea watatu wameshikana. Kwenye kona, yule wa nje akalazimika kumwachia, na Agnesi, aliyekuwa akijifanya ana uchungu, akapepesuka kweli. Wakacheka wote isipokuwa Albina. Alifuta kona, akachora ukuta wa kupinda, akawaambia watembee tena. Walitembea mara nne mpaka pakapatikana mahali ambapo hakuna aliyemwachia mwenzake. Ndipo akachimba msingi.

Lakini manispaa inataka kibali, na kibali kinataka ramani yenye muhuri. Kwa hiyo Sista alimwendea Andwele, kijana wa Mbeya aliyefungua ofisi mjini, ambaye ukimwita injinia anakusahihisha: "Si injinia, ni msanifu majengo." Andwele alikuwa na kazi nyingi. Akatoa kwenye kompyuta wodi aliyokwisha kuichorea watu wengine, ujia ulionyooka, jiko uani, akapiga muhuri. Kibali kikatoka. Albina aliitazama ile ramani mara moja, akaikunja, akamrudishia Sista.

"Hii ni ya manispaa," alisema. "Ya kwetu iko chini."

Andwele alifika eneo la ujenzi siku moja tu, bati zikipigwa. Akazunguka na simu yake akipiga picha, akapapasa ule ukuta wa kupinda kama anapapasa ng'ombe wa mnada, akasema, "Aisee mama, umeweza," akaondoka. Miaka miwili ikapita na watoto mia na kitu wakazaliwa.

Ndipo Sista Hellena akafika Malangali asubuhi moja, mbio mbio, veli imepigwa na upepo upande.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kuna nini Sista, bati zimeng'oka?"

"Nyumba yetu imeingia fainali! Tuzo ya taifa ya usanifu. Majaji wanakuja wiki ijayo."

Alikuwa ameleta kijitabu cha kanuni na fomu ambayo Andwele aliituma. Albina akavaa miwani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasoma. Alianza na vigezo, maana ndivyo vilivyomvutia. Jengo lipimwe kwa jinsi linavyowafaa wanaolitumia. Lipimwe kwa kustahimili hali ya hewa ya mahali. Lipimwe kwa malighafi za pale pale, na kwa fikra mpya isiyoigwa. Kila kigezo alikigonga kwa kidole na kuguna kwa raha. Kwa mara ya kwanza maishani aliona watu wa mbali, asiowajua, wameandika kwenye kitabu mambo ambayo yeye alikuwa akiyafanya na kopo.

Akafungua ukurasa wa masharti. Mwombaji sharti awe msanifu majengo aliyesajiliwa, naye ndiye atakayetambuliwa kuwa mbunifu wa jengo. Akageukia fomu. Mbunifu: Andwele, na namba ya usajili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: limejengwa na mafundi wa mahali.

"Mafundi wa mahali," alisoma kwa sauti. "Mahali gani, Sista? Sina jina?"

"Mama Flavian, ndivyo wanavyoandika," alisema Sista, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Wanaandika vibaya."

Albina alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alikwenda kazini akabomoa ukuta wa kijana wake mmoja kwa kosa la upana wa kidole. Miaka ishirini watu walimlipa, walimshukuru, walimwita fundi, naye hakudai zaidi. Lakini kuwaza lile jambo, kuwatembeza wale wanawake mara nne, kukesha na wazo la bomba la moshi, hilo lilikuwa lake, na mtu alikuwa amelichukua mchana kweupe na kuliwekea namba.

Andwele alisikia, akaja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, na shikamoo yake ilikuwa ndefu.

"Marahaba," alisema Albina bila kumkaribisha kiti.

"Mama, usinielewe vibaya. Kanuni sikuziandika mimi. Bila msajiliwa, jengo lisingeingia kabisa. Nimelisaidia liingie."

"Umelisaidia kwa kulitolea baba mwingine?"

"Tutakutaja kwenye shukrani. Nitasimama ukumbini Dodoma, kwenye maikrofoni, nitataja jina lako."

"Utanitaja kama nani?"

Kijana akakuna kichwa. Alipoona upole haupiti, akajaribu mlango mwingine. "Mama, na wewe fikiria. Ukisema nyumba haikufuata ramani yangu, maana yake imejengwa kinyume cha kibali. Manispaa wakija na rangi nyekundu wakapiga alama ya kubomoa, wale wajawazito watarudi verandani. Ni hilo unalolitaka?"

Hapo alimpata, na alijua amempata. Sista Hellena naye, siku iliyofuata, alimwambia Albina jambo lile lile kwa sauti ya Kanisa: anyamaze kwa ajili ya nyumba, Mungu anajua nani aliwaza nini. Albina akamjibu kwamba Mungu hana shida, Mungu alikuwepo siku ya majivu. Wanaotakiwa kuambiwa ni wale ambao hawakuwepo.

Majaji walikuja watatu na gari jeupe. Mkubwa wao aliitwa Yonas, mzee mrefu mwenye mvi, mpole wa maneno lakini mwenye macho ya mtu aliyeshika pima maji zamani. Andwele alikuwa ndani ya suti, ubao wa michoro mizuri yenye rangi umewekwa kwenye veranda. Michoro hiyo aliichora upya kwa kufuata picha zake za simu. Wanawake waliokuwa wakingoja walikaa kwenye benchi na matumbo yao. Albina alisimama nyuma yao, mabuti miguuni. Alikuwa ameamua hatasema neno. Alikuwa ameamua hivyo kwa ajili ya alama nyekundu.

Walizunguka. Mzee Yonas aliweka kiganja kwenye ukuta wa jikoni upande wa vitanda, akakiacha hapo muda mrefu. Akawaita wenzake nao wakaweka viganja vyao. Kisha wakafika kwenye ujia.

"Huu ukuta," aliuliza, "kwa nini umepinda?"

Andwele alikuwa amejiandaa. Akakohoa. "Nilitaka, mzee, kuleta taswira ya tumbo la mama. Vilevile ni heshima kwa tanuru za chuma za wazee wa Kifipa, ambazo nazo zilikuwa za mviringo. Kwa hiyo mtu anapopita hapa, anazaliwa upya kiutamaduni."

Benchi likacheka. Mama mmoja wa makamo, aliyemsindikiza binti yake, alicheka mpaka akajifunika kanga. Andwele akageuka mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza, na Albina akajikuta amekwisha kusogea mbele.

"Si tumbo," alisema. "Ni ili wasimwachie."

Mzee Yonas akageuka. "Wasimwachie nani?"

"Mzazi. Wewe simama hapa katikati. Wewe baba kulia kwake, mshike. Na wewe dada, kushoto." Majaji wakatazamana, wakashikana. "Haya, mzee, una uchungu. Tembeeni mpaka mlango ule."

Wakatembea, suti na viatu vya ngozi, wakapinda na ukuta, wakafika mlangoni wangali wameshikana. Mzee Yonas alisimama pale kidogo. Kisha akarudi peke yake hadi mwanzo, akapima ule upindo kwa hatua, midomo ikihesabu.

"Nani alijua upindo uwe wa kiasi hiki?"

"Walitembea mara nne. Agnesi wa Kasanga alikaribia kuanguka. Mimi nilifuta kona nikachora hivi."

"Ulichora wapi?"

"Chini. Kwa majivu."

"Mama!" alisema Andwele kwa sauti ya chini.

"Niache. Nimenyamaza wiki nzima, inatosha." Alishamaliza kuogopa, alikuwa mwepesi, karibu na furaha. "Mzee, omba ramani ya manispaa, ile yenye muhuri. Sista anayo. Ilinganishe na hapa tuliposimama. Kama utakuta jiko, kama utakuta huu ukuta, mimi ni mwongo na nitaondoka kwa miguu yangu."

Sista Hellena alisimama kama amepigwa msumari. Alimtazama Andwele, akamtazama Albina, na namna alivyovuta pumzi kila mtu aliisikia. Halafu akaingia ofisini, akatoka na karatasi, akamkabidhi jaji mkononi.

Mzee Yonas aliisoma kwa dakika tano. Alipomaliza alivua miwani.

"Mama, nimefanya kazi hii miaka thelathini. Jengo hili lingenisumbua sana kulinyima tuzo. Lakini kanuni ziko wazi. Mwombaji akiwa si mbunifu, jengo linatoka. Na wewe huna usajili, kwa hiyo siwezi kuliandika kwako. Ninachoweza ni kupendekeza upewe cheti cha fundi bora."

"Cheti cha fundi sikitaki."

"Ni heshima, mama."

"Ufundi ninao, mzee, hakuna anayeubishia hapa Sumbawanga. Mwulize hata huyu. Mimi nimekataa kuambiwa nilipanga tofali tu wakati nyumba yote ilitoka kichwani mwangu na vichwani mwa hawa waliolala chini. Sasa ukiliondoa jengo, utasema ni kwa nini?"

"Lazima tuandike sababu. Kila jengo linaloondolewa, wahusika wanapewa barua yenye sababu."

"Basi andika sababu yenyewe. Usiandike 'kasoro za fomu.' Andika nani aliwaza."

Mzee Yonas alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu. "Unajua kwamba barua hiyo inakukatalia?"

"Najua. Kataa vizuri."

Gari jeupe likaondoka. Andwele alibaki uani akikunja ubao wake, na Albina, sitaficha, alimhurumia kidogo. Kijana alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, tatizo alichora baada ya wengine kumaliza. Manispaa nao walikuja, kama ilivyotishwa. Ofisa akapima kuta na moshi, akakaa na wanawake kwenye ukuta wa joto, akanywa uji, akaandika kwamba ramani ichorwe upya ifanane na jengo. Rangi nyekundu ilirudi mjini ndani ya kopo lake. Aliyeichora upya ramani alikuwa Andwele huyo huyo, siku tatu, ameshika ncha moja ya futi kamba na Albina ameshika ncha ya pili akimwambia pa kuanzia.

Barua zilifika mwezi uliofuata, mbili. Ya Andwele hatujui ilisemaje, maana haikuonyeshwa mtu. Ya zahanati ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Sista Hellena aliisoma amesimama, polepole:

"Jengo limeondolewa mashindanoni kwa sababu halikubuniwa na mwombaji. Kamati imejiridhisha, baada ya kulitembelea, kwamba mbunifu wa jengo hili ni Bi. Albina Theodory, fundi, mkazi wa Malangali, ambaye kwa kanuni za sasa hatambuliwi."

Albina akaomba aishike. Akaisoma mwenyewe, mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akaikunja kwa uangalifu, akapanda bodaboda hadi mjini, akaitia leminesheni kwenye duka la vifaa vya ofisi, akarudi nayo na nyundo.

"Mama Flavian," alisema Sista alipomwona anaiweka ukutani, mlangoni kabisa, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. "Hiyo ni barua ya kukataliwa. Watu watatucheka."

"Waache wacheke, Sista. Ila waisome mpaka mwisho."

Akashika msumari wa bati kwa midomo, akanyoosha barua kwa kiganja, akapima kwa jicho kama imekaa sawa, akaanza kugongelea.